Nimeshatoa notisi, barua ya ofa haijafika

Shangazi, shikamoo.

Nianze kwa ombi: tafadhali usinijibu kwa methali ya mbachao na msala upitao. Nimeshaambiwa na watu watatu, mmoja wao mlinzi wa getini, na kila nikiisikia naona kama nimezabwa kibao.

Mimi ni msimamizi wa ghala. Hapa nilipo nina miaka sita. Niliingia kama karani wa kupokea mizigo, nikapanda polepole. Kazi naijua, watu nawajua, lakini miaka miwili sasa nimesimama palepale. Cheo hakisogei, mshahara hausogei, na nikiuliza naambiwa nivute subira.

Miezi miwili iliyopita nilipigiwa simu na wakala wa ajira. Alisema kuna kampuni kubwa inatafuta msimamizi wa usafirishaji, na jina langu amelipata kwa mtu niliyewahi kufanya naye kazi. Nikaenda kwenye usaili wa kwanza, nikaitwa wa pili, mbele ya watu watano. Siku ile niliongea, Shangazi, hadi nikajishangaa mwenyewe. Walipomaliza wakanionyesha mpaka chumba ambacho msimamizi huyo anakaa.

Alhamisi moja jioni wakala akanipigia. "Hongera, wamekuchagua wewe. Barua ya ofa inakuja ndani ya siku mbili tatu. Wanataka uanze tarehe moja, kwa hiyo anza kutoa notisi mapema." Usiku ule sikulala. Mkataba wangu unadai notisi ya mwezi mmoja, na nilipopiga hesabu nikaona nikichelewa siku chache tu, tarehe hiyo itanipita. Ijumaa asubuhi barua yangu ya kuacha kazi ilikuwa mezani kwa bosi kabla hajavua koti.

Halafu nikaongeza la mdomo. Bosi aliponiuliza kwa nini naondoka, badala ya kushukuru na kunyamaza, nikamwambia nimechoka kulibeba ghala lake mgongoni bila hata ahsante. Alinitazama tu. Akasema, "Sawa, nimepokea," akagonga muhuri kwenye nakala yangu.

Leo ni siku ya 16. Zimebaki 14. Barua ya ofa haijaja. Wiki ya kwanza wakala alikuwa akijibu: bado wanamalizia sahihi. Wiki ya pili: mkurugenzi amesafiri. Tangu Jumatatu anasoma ujumbe wangu na hajibu. Jana nikajikaza, nikapiga simu kwenye kampuni yenyewe. Dada wa mapokezi akaniunganisha na idara ya utumishi, na huko kijana mmoja akaniambia kwa upole kwamba "nafasi hiyo bado inashughulikiwa". Nilitaka kumuuliza inashughulikiwaje na mimi nimeshapewa hongera, lakini sauti iligoma kutoka.

Huku ofisini mambo hayasimami. Bosi ameniomba nimwandikie rasimu ya tangazo la kumtafuta mtu wa kuchukua nafasi yangu. Nimeikalia siku nne nikisingizia kazi nyingi. Wenzangu wameanza kuchanga fedha za kuniaga. Mke wangu anajua nimepata kazi mpya, hajui kwamba barua haijafika. Kila jioni ananiuliza kama nimeshaambiwa nitakuwa zamu gani, namjibu kwamba watanipangia.

Je, barua yangu naweza kuiondoa, au ukishaiandika ndiyo imekwisha? Je, hawa watu ninawadai chochote? Rafiki yangu ananiambia nikaze, mtu mzima hali matapishi yake. Mimi nahisi nimesimama mlangoni na milango yote miwili inafungwa.

Ni mimi,
Mguu Nje, Mguu Ndani

*

Marahaba, mwanangu.

Methali yako nimeiweka kando. Sijawahi kuipenda sana katika mambo ya kazi, maana wanaoipenda ni walewale wanaokuambia uvute subira. Kutaka kuondoka mahali uliposimama miaka miwili si kosa. Ulipokosea ni padogo kuliko unavyofikiri: ulitoa notisi kwa neno la mtu ambaye si mwajiri wako, wa zamani wala mpya.

Nianze na swali lako la kwanza, kwa sababu hilo ndilo lenye siku zinazohesabika.

Kuomba kuiondoa barua unaweza. Kuiondoa peke yako, mahali pengi huwezi. Notisi ikishapokelewa inakuwa ya watu wawili; bosi wako anayo haki ya kupanga mambo yake akijua unaondoka, na ili mipango hiyo ivunjwe ni lazima aridhie. Uingereza ndivyo ilivyo. Ziko nchi zinazomhurumia mfanyakazi zaidi: Urusi, kifungu cha 80 cha sheria yao ya kazi kinamruhusu mtu kuiondoa barua yake kabla notisi haijaisha, ilimradi mwajiri hajamwalika kwa maandishi mtu mwingine wa kushika nafasi ile. India, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1978 kwamba barua ya kujiuzulu yenye tarehe ya mbele inaweza kuondolewa kabla tarehe yenyewe haijafika. Kesi hiyo, kwa taarifa yako, ilimhusu jaji wa mahakama kuu aliyeandika barua ya kujiuzulu kisha akaghairi. Kwa hiyo mwambie rafiki yako wa matapishi kwamba hata majaji hughairi.

Sheria ya kwenu na mkataba wako visome leo usiku, na ukiwa na chama cha wafanyakazi au ofisi ya kazi karibu, wapigie uwaulize. Lakini usiisubiri sheria ndiyo uende kwa bosi. Kitakachoamua jambo lako si kifungu cha sheria, ni swali moja la kibiashara: je, bosi wako bado ana shida na wewe? Leo jibu ni ndiyo. Hajaajiri mtu. Hajatangaza nafasi. Tangazo lenyewe liko kwenye kompyuta yako! Siku utakayomkabidhi rasimu hiyo, jibu litaanza kubadilika, na siku mtu mwingine atakaposaini, litakuwa limekwisha badilika. Sikuambii uendelee kuikalia. Uongo wa "kazi nyingi" hauna maisha marefu. Nakuambia nenda kesho asubuhi.

Sasa, uende kuomba nini? Hapa nataka utulie, kwa sababu watu wengi wakifika hapa huomba kisicho sahihi.

Unaweza kuomba barua ifutwe kabisa, ubaki kana kwamba hukuandika. Au unaweza kuomba siku yako ya mwisho isogezwe mbele, tuseme kwa mwezi mmoja au miwili. Maombi haya mawili yanafanana kwa mbali tu. Ukiomba ifutwe, unamwahidi bosi kwamba unabaki. Barua ya ofa ikifika wiki ijayo, utafanyaje? Utampelekea notisi ya pili ndani ya mwezi mmoja? Hapo ndipo jina linapoharibika, na si kwa bosi huyo tu, maana wasimamizi wa maghala mnajuana, na wakubwa wenu wanajuana zaidi. Ombi la kusogeza tarehe halidai uongo wowote. Bado unaondoka, ila si siku ile. Na yeye anapata kitu: muda zaidi wa kutafuta mtu, na mtu wa kumfundisha huyo mgeni kabla hujatoka. Bosi anayekataa ombi la namna hiyo ni yule aliyekuwa anaisubiri barua yako kwa hamu.

Nimeisoma barua yako mara mbili na sijaona mahali unaposema unaipenda kazi ya sasa. Basi usiombe kufuta. Omba kusogeza. Ukigundua moyoni kwamba uko tayari kukaa hapo mwaka mzima zaidi, hata barua ya ofa ikija ikiwa na dhahabu, hapo ndipo uombe kufuta, na uwe mkweli.

Ukiingia ofisini kwake, sema machache. Mimi ningesema hivi: "Bosi, niliandika barua nikiamini mambo ya upande wa pili yamekamilika. Hayajakamilika. Naomba kama inawezekana siku yangu ya mwisho isogezwe kwa mwezi mmoja, na muda huo nitautumia kukamilisha makabidhiano na kumfundisha atakayekuja." Ukifika hapo, nyamaza. Usijaze kimya kwa maelezo ya wakala na mkurugenzi aliyesafiri. Akiuliza, jibu alichouliza.

Na yale maneno ya mgongo na ahsante? Yaombe radhi, lakini kwa kipimo. Usiseme hukumaanisha, kwa sababu ulimaanisha na anajua ulimaanisha. Sema, "Nililisema vibaya siku ile, samahani." Inatosha. Kilichohitaji msamaha ni namna ulivyosema. Uchovu wenyewe ni wako na hauhitaji ruhusa ya mtu. Inawezekana kabisa kwamba katika siku hizi 16 amekaa akafikiria kama kweli hajawahi kukuambia ahsante. Hilo tumwachie mwenyewe.

Akikubali, usitoke na neno la mdomo tena. Rudi mezani kwako, mwandikie barua pepe mistari mitatu: kama tulivyozungumza leo, siku yangu ya mwisho itakuwa tarehe fulani badala ya tarehe fulani, nakushukuru, tafadhali thibitisha. Mpaka athibitishe, tarehe ya zamani ndiyo inayosimama.

Akikataa, umebaki ulipokuwa jana, hujapoteza kitu. Fanya makabidhiano kwa namna ambayo hata mtu asiyekupenda hatapata pa kushika: hesabu ya mali, funguo, nywila, mizigo iliyo njiani. Uliza kwa maandishi kuhusu mshahara wa siku za mwisho, siku za likizo ambazo hukuzichukua, na cheti cha utumishi. Kama una mkopo unaokatwa kwenye mshahara, nenda kwa waliokukopesha kabla makato hayajasimama; mkopaji anayekuja mwenyewe husikilizwa tofauti na yule anayetafutwa. Na unaweza bado kumwambia bosi kwamba uko tayari kwa mkataba mfupi wa kumfundisha mrithi wako. Wako waliokataa kusogeza tarehe asubuhi wakakubali hilo mchana.

Tuje upande wa pili, kwa hao wenye hongera.

Nitakuambia siri ya aibu. Mimi nimewahi kuwa mtu anayesema hongera. Zamani nilikaa kwenye jopo la usaili, tukampata binti mmoja ambaye sote tulimpenda, na mimi kwa furaha zangu nikampigia jioni ile ile. "Jiandae," nikamwambia. Wiki iliyofuata bajeti ya idara ikakatwa, nafasi ikafa. Sikuwa nimemdanganya. Nilikuwa nimesema kwa niaba ya meza nne ambazo sikuzikalia. Aliponipigia sikupokea siku mbili nzima, si kwa dharau, kwa kukosa la kusema. Wakala wako anaposoma ujumbe na kunyamaza, huenda yuko mahali nilipokuwa mimi.

Kati ya jopo kusema "tumempenda yule" na wewe kushika mkataba, kuna safari ambayo mwombaji haioni. Mtu wa fedha anathibitisha kwamba mshahara ule upo kwenye bajeti. Mkubwa fulani, ambaye hata kwenye usaili hakuwepo, anaidhinisha. Vyeti vinahakikiwa kwa waliovitoa. Wadhamini uliowaandika wanapigiwa simu. Kazi nyingine zinadai upimwe afya. Halafu sahihi. Lolote kati ya hayo linaweza kukwama bila wewe kuwa na kosa. Linaweza pia kukwama kwa sababu isiyopendeza kuisikia: wewe ni chaguo la pili, na wanamsubiri wa kwanza asaini au akatae, huku wewe ukipewa maneno matamu ili usiende kwingine. Sisemi ndivyo ilivyo kwako. Nasema "nafasi hiyo bado inashughulikiwa" inaweza kubeba hilo pia.

Na wakala? Mawakala wengi hulipwa na mwajiri pale mtu anapoanza kazi. Kwa hiyo haraka ya "anza kutoa notisi" ilikuwa haraka yake. Aliona tarehe moja ikikaribia, akaona ada yake nayo. Si lazima awe mtu mbaya. Ila yeye hakuwa na cha kupoteza endapo ungetoa notisi mapema.

Hapo nina swali ambalo barua yako haikulijibu: je, amekuomba fedha yoyote, ya uhakiki, ya fomu, ya "kuharakisha"? Kama ndiyo, usitoe hata senti nyingine, na uanze kujiuliza kama kazi yenyewe ipo. Shirika la Kazi Duniani lina mkataba namba 181 wa mwaka 1997 kuhusu mawakala binafsi wa ajira, na msingi wake ni kwamba mtafuta kazi hatozwi ada, moja kwa moja wala kwa mlango wa nyuma. Si kila nchi imeuridhia, na zipo nafasi zilizoachwa kwa ajili ya mambo maalumu, lakini ni kipimo kizuri cha kumpimia mtu. Kwa bahati nzuri wewe umeingia kwenye jengo, umekaa mbele ya watu watano, na idara ya utumishi haikusema haikujui. Kwa hiyo nadhani kazi ipo. Kama ni yako, hilo ndilo hatulijui.

Basi tuulize. Acha kumuuliza wakala "vipi mpaka sasa?" Swali hilo linajibika kwa "bado kidogo" mpaka mwisho wa dunia. Muulize maswali yenye mkia: Je, nafasi imeidhinishwa na nani, na lini? Hatua gani imebaki, na iko mikononi mwa nani? Ofa yangu ina masharti gani ambayo hayajatimia? Uandike, usipige. Na umalizie hivi: "Ili nipange mambo yangu, nitahitaji barua ya ofa yenye sahihi kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo. Nisipoipata nitachukulia kwamba tarehe moja haiwezekani tena." Huo si utovu wa adabu. Anayekutaka kweli atakuheshimu kwa hilo, na asiyekutaka atakuwa amekuokolea wiki mbili.

Nakala ya maswali hayo, kwa lugha laini zaidi, ipeleke kwa idara ya utumishi ya kampuni yenyewe. Usimlaumu wakala ndani yake. Sema tu kwamba ulijulishwa kuwa umechaguliwa, kwamba uliombwa kuanza notisi, na ungependa kujua hali ikoje. Sentensi hiyo ya katikati ina uzito. Inawezekana hakuna mtu katika kampuni hiyo anayejua kwamba umeshaacha kazi kwa ajili yao. Kuna faili ambazo huamka zikisikia habari hiyo.

Kuhusu kuwadai: sitaki nikupe matumaini ya kuvimba. Hongera ya simu, kutoka kwa wakala, bila mshahara kutajwa wala masharti, haina miguu mirefu mbele ya hakimu. Wakala kwa kawaida hana mamlaka ya kuifunga kampuni kwa neno lake. Hata hivyo, usifute kitu. Ujumbe wa "wanamalizia sahihi", tarehe ya ile simu ya Alhamisi, vyote vitunze. Kama katika ujumbe wowote wa maandishi umetajwa mshahara na tarehe ya kuanza, na ukaambiwa utoe notisi, huo mpelekee mtu wa sheria au ofisi ya kazi auangalie. Ziko nchi ambako aliyeacha kazi kwa kuamini ahadi iliyo wazi anasikilizwa. Ila usipange kodi ya nyumba kwa kutegemea kesi.

Tuseme sasa barua inafika kesho. Nitafurahi, lakini usikimbilie sahihi. Tafuta neno "endapo" na ndugu zake: "baada ya uhakiki", "kwa kutegemea matokeo ya", "ikiidhinishwa na". Ofa yenye masharti ni ofa halali, ila bado haijaiva, na kila sharti uliulize lini litakamilika. Angalia pia muda wa majaribio. Hata mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, unaodai mwajiri awe na sababu ya haki kabla ya kumwachisha mtu kazi, umeziruhusu nchi kuwaweka kando walio kwenye majaribio ya muda unaoeleweka. Kwa lugha ya ghalani: miezi ya kwanza unakuwa mzigo uliopokelewa bila kusainiwa. Ndiyo maana nasisitiza sana namna ya kutoka hapo ulipo. Bosi wa zamani ambaye hujagombana naye ni mdhamini, na mara nyingine ni mlango.

Wala usidhani sahihi humaliza kila kitu. Juni 2022 kampuni ya Coinbase ya Marekani, ya biashara ya sarafu za kidijitali, ilitangaza kufuta ofa ambazo watu walikuwa wameshazikubali, wengine wakiwa wameshaaga walikotoka. Sikuambii ili uogope kila karatasi. Nakuambia ili ujue kuna ngazi: neno la wakala liko chini kabisa, juu yake barua pepe ya kampuni, juu yake ofa yenye sahihi na masharti yaliyotimia, juu yake mkataba. Wewe ulirukia kutoka ngazi ya chini. Waliorukia kutoka juu nao waliteleza, ila walikuwa wachache na walikuwa na karatasi mkononi.

Siku nyingine mwajiri mpya akikuuliza unaweza kuanza lini, usitaje tarehe. Mjibu: "Mwezi mmoja tangu siku nitakayopokea mkataba." Jibu hilo linahamisha haraka kutoka kwako kwenda kwao. Wakiitaka tarehe moja, wao ndio watakaokimbizana na sahihi.

Kuna la mke wako, ambalo hukuliuliza lakini umeliandika, kwa hiyo ulitaka niliseme. Mwambie leo usiku, kabla ya kwenda kwa bosi kesho. Si kwa sababu ya maadili tu. Ukiingia kwa bosi ukiwa na siri nyumbani, utakubali lolote atakalokupa ili siri isitoke. Mwambie bila kujipamba: barua haijafika, nimeshatoa notisi, kesho naomba tarehe isogezwe. Halafu mpige hesabu pamoja, fedha iliyopo inafika wapi ikiwa mshahara wa mwezi ujao utakuwa wa mwisho. Atakasirika kuhusu zamu ulizokuwa unamtungia. Ana haki. Ila hasira ya leo ni ya siku 16. Ukisubiri itakuwa ya 30.

Endelea pia kupeleka maombi kwingine, wiki hii hii. Ulipoongea mbele ya watu watano ukajishangaa, yule aliyeongea bado yupo. Ukiulizwa huko kwa nini uko kwenye notisi, sema ukweli mfupi: nilipewa nafasi, bado haijathibitishwa, naendelea kutafuta.

Na ule mchango wa kukuaga: mtafute anayekusanya, kimya kimya, umwombe asimame kwanza. Hana haja ya kujua sababu. Mwambie tarehe ina mjadala. Akikuuliza kama fedha alizokwisha pokea awarudishie wenyewe, mwambie azishike.